Akili Isije Ikamwagika

Juzi nilisimama Kansanga kununua matooke, zile ndizi za kupika. Yule mama muuzaji alipokata kamba ya mkungu, alitupa chini rundo la maganda makavu ya mgomba yaliyokuwa yamelowa mvua ya asubuhi, na harufu yake ikanipanda puani hadi nikasahau bei tuliyokuwa tumepatana. Nadhani ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo, nusu shamba na nusu moshi. Nikainama, nikaokota maganda kadhaa, nikaanza kuyasokota pale pale barabarani, mwanamke mzima na mkoba wa ofisi begani. Mama yule akanitazama akaniuliza kwa heshima, "Nnyabo, na hayo takataka nayo unanunua?"

Nilikuwa natengeneza mpira. Mikono ilikuwa imekumbuka kabla yangu.

Mtu akikuambia alikulia Kampala na hajui kwepena, basi alilelewa kabatini. Wasichana wawili wanasimama pande mbili, wakirushiana mpira wa maganda ya mgomba uliofungwa ndani ya kaveera, ule mfuko wa plastiki wa dukani. Katikati yupo wa tatu, na huyo ndiye anayelengwa. Mbele ya miguu yake kuna chupa tupu na kichuguu cha udongo. Anatakiwa aijaze chupa kwa viganja huku akikwepa mpira, aimwage, aanze tena, na kila chupa aihesabu kwa sauti ili wote wasikie. Ukiguswa, umetoka. Ukikosea hesabu, umetoka pia, na hapo ndipo marafiki hugeuka kuwa mahakimu. Ukiwa mle katikati huna nafasi ya kuwaza jambo lingine lolote. Macho yako kwa warushaji, mikono iko udongoni, masikio yako nyuma, na kichwani namba zinapanda.

Shule yetu ilikuwa kwenye mteremko wa Kibuli, chini ya msikiti mkubwa, na udongo wake mwekundu uliingia hadi ndani ya soksi. Uani pale mimi nilikuwa bingwa, na sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa kidogo najisifu. Nilikuwa mwembamba, mwepesi, na nilijua mpira utapita wapi kabla haujatoka mkononi mwa mtu. Wakubwa wa darasa la saba walinikopa kwenye timu zao.

Tatizo ni kwamba ubingwa wangu uliishia kengele ilipolia. Darasani nilikuwa mtu wa kawaida katika mambo yote isipokuwa hesabu, ambamo nilikuwa chini ya kawaida. Jedwali la kuzidisha liliniingia sikio hili likatokea lile. Muhula mmoja matokeo yalikuja mabaya kiasi kwamba Baba, ambaye kwa kawaida aliyasoma akiwa amesimama, aliketi.

Baba alikuwa na duka la vitambaa. Babu wa babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani akabaki, na tangu hapo ukoo wetu haujaacha kupima kitu kwa dhiraa. Watu wote mtaani walimwita Hajji ingawa Makka alikuwa bado hajaiona. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikunja ile karatasi, akasema taratibu, "Muhula ujao hesabu isipopanda, tutakupeleka bweni. Iko shule nzuri Masaka. Huko hakuna kuruka, ni kusoma tu."

Mimi nilikuwa sijawahi kulala usiku hata mmoja mbali na Mama. Waliwahi kunipeleka kwa shangazi yangu Mbuya nikakae wikendi, nikalia mpaka nikarudishwa jioni ile ile kwa bodaboda. Masaka kwangu ilikuwa kama mwezini. Nilimtazama Mama, nikitumaini atasema neno. Mama alikuwa akidarizi kofia, na sindano yake haikusimama. Niliumia sana. Nilifikiri hajali.

Baba akanitafutia mwalimu wa kunifundisha nyumbani baada ya Alasiri. Mwalimu Ssali alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kampala kinachotembea bila kujali ngeli. Siku ya kwanza alinipima. Nikashindwa. Baba akaja kunywa chai nasi, akamuuliza anaonaje.

"Hajji, mutoto huyu iko na akiri," alisema Mwalimu Ssali. "Lakini anachezacheza sana. Mimi nafundisha, yeye anaruka. Sasa akiri itakaa wapi?"

Akainua kikombe chake. "Ona hii chai. Ikitulia, yote iko ndani." Kisha akakitikisa. "Sasa ona."

Chai ikaruka ikatua kwenye kitambaa cheupe cha Mama. Mama akakitazama kitambaa, akamtazama Mwalimu, akaenda kuleta kingine.

Mwalimu Ssali alikuwa mtu mwema, na chai ile ilikuwa mfano tu. Lakini mimi nilikuwa katika umri ambao mtu hajui mifano. Nilielewa nilichokiona. Akili ni kitu cha majimaji, iko kichwani, na mimi kwa miaka yote ile ya kwepena nilikuwa nikiimwaga katika uwanja wa shule. Nilikumbuka hata mahali pa kuruka sana, pale karibu na bomba, nikawaza kwamba kama jedwali la saba liko mahali popote duniani, basi liko pale udongoni.

Kuanzia kesho yake nilianza kukibeba kichwa changu. Nilitembea kwenda shule kama wanawake wanavyotembea na ndoo ya maji, shingo wima, hatua fupi. Nikiangusha kalamu sikuinama. Nilichuchumaa mgongo ukiwa wima kama mtu anayeshuka kisimani. Usiku nililala chali, mito miwili, na mtandio nimeufunga hadi masikioni. Mama alinikuta hivyo akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Taabu kubwa ilikuwa swala. Maana katika kusujudu huna ujanja, kichwa lazima kishuke chini. Siku ya kwanza nilibaki nimepiga magoti huku safu nzima ya wanawake ikiwa imekwishasujudu, nikijiuliza inawezekanaje Mwenyezi Mungu aamrishe jambo linalomwaga hesabu. Mwishowe nikaamua kwamba Mungu kwa rehema zake lazima anaziba masikio ya wanaosujudu, kwa sababu maimamu wanasujudu kila siku na bado wana elimu. Lakini mimi sikuwa imamu. Nilisujudu harakaharaka kama kuku anayedonoa, nikainuka.

Mapumziko nilikaa kwenye baraza ya darasa, mikono mapajani. Rafiki yangu Akinyi alinijia siku ya pili. Wazazi wake walikuwa wametoka Kisumu kuja kufanya kazi, na yeye ndiye tuliyekuwa tukirusha naye mpira siku zote.

"Wee, kwani unaumwa ama umetukasirikia?"

"Siumwi."

"Sasa mbona huchezi?"

"Nimejaa," nilimwambia.

Akanitazama tumboni. "Umekula nini?"

"Masomo."

Akinyi alifikiri kidogo, akasema, "Pole," kama mtu anavyompa pole mgonjwa kweli, akarudi kucheza. Nilimtazama akirusha mpira na msichana mwingine, nikaona uchungu ambao hata leo nikiukumbuka nacheka na kusikitika kwa pamoja.

Jambo la ajabu ni kwamba kadiri nilivyojilinda ndivyo nilivyozidi kuwa mzito. Baada ya mapumziko wenzangu waliingia darasani wakihema, wanatoa jasho, na baada ya dakika chache mikono yao iko juu. Mimi niliyekaa kama mgeni rasmi nilikuwa nasinzia. Namba ubaoni zilinitazama nami nikazitazama. Tulipofanya mtihani wa katikati ya muhula nilipata kidogo kuliko awali, jambo ambalo hata Mwalimu Ssali hakuwa amelitarajia.

Jioni ile Baba alirudi na sanduku la bati, lile la watoto wa bweni, jipya, la buluu. Akaliweka sebuleni. Asubuhi tuliamka tukakuta Mama amelifunika kitambaa na kuweka juu yake chombo cha maua ya plastiki, ungedhani ni meza. Baba aliona, akanywa chai yake, akaenda dukani. Hakuna aliyelitaja.

Jumamosi nikaenda madrasa. Kama ulisoma madrasa huna haja ya kuambiwa: watoto wote tumekaa kwenye mkeka, kila mmoja na juzuu lake, tunasoma kwa sauti na kuyumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hakuna anayekufundisha kuyumba. Unakuta wenzako wanayumba, nawe unayumba. Lakini mimi nilikuwa nimeacha. Nilikaa katikati ya bahari ile ya vichwa nikiwa nimetulia tuli, na sura niliyokuwa nimeihifadhi tangu nikiwa mdogo ikanikatikia katikati.

Maalima Hasina, mwalimu wetu, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika barabarani. Alinyamazisha darasa kwa kuinua kidole.

"Wewe, binti Hajji. Mbona umekaa kama nguzo ya stima?"

Sikuwa na njia. Nikamweleza yote, chai, kitambaa cha Mama, uwanja wa shule, na namna ninavyosujudu. Nafikiri wenzangu wengine walianza kuhofia vichwa vyao. Maalima alinisikiliza uso mkavu hadi nilipofika kwenye mtandio wa masikioni, ndipo akaangua kicheko, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Banange, mtoto huyu ataniua," alisema. "Mwanangu, hebu simama. Zunguka mkeka huu huku unasoma. Tembea vizuri, usinitembelee kama bibi harusi."

Nikazunguka. Mzunguko wa kwanza aya zilikuja moja moja, kwa kusitasita. Mzunguko wa pili miguu ikashika mwendo, na ulimi ukafuata miguu, na pale sura iliponikatikia nikapita bila kujua nimepita. Nilipofika mwisho nilisimama nikishangaa, kama mtu aliyevuka mto akatazama nyuma.

"Umeona imemwagika?" aliniuliza Maalima. "Mimi nikikaa bila kuyumba sikumbuki hata nimepika nini. Rudi mahali pako, yumba."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza sana. Mtu mwingine angeitupa ile habari ya chai. Mimi sikuitupa, kwa kuwa Mwalimu Ssali hakuwa mwongo na nilikuwa nimeiona chai kwa macho yangu. Nilichofanya ni kuifikiria zaidi, na nilipofika kwenye kona ya hospitali nikapata jibu: sukari. Mama alitia sukari kwanza kisha akamimina chai, na usipokoroga utakunywa chai chungu mpaka mwisho huku utamu wote umekaa chini ya kikombe. Hesabu zangu hazikuwa zimemwagika. Zilikuwa zimetua chini. Na kwa mtu, chini ni miguuni. Kumbe nilikuwa nimekaa barazani wiki baada ya wiki nikingoja utamu upande wenyewe.

Siku hizi nasikia wataalamu wakieleza kwamba mtoto akikimbia damu huchangamka, na damu ikichangamka kichwa nacho huamka, naye hurudi kwenye kitabu akiwa na macho mapya. Nawaamini. Lakini mimi nilifika huko kwa njia ya sukari, na sioni kama nilipotea sana.

Jumatatu, Mwalimu Ssali alipofungua kitabu, Baba akiwepo na kikombe chake, nilikusanya ujasiri wote niliokuwa nao.

"Baba, naomba nikakoroge kwanza."

"Ukakoroge nini?"

Nikaeleza. Sukari, miguu, Maalima, mkeka. Mwishoni nikaongeza jambo ambalo sikuwa nimepanga, kwamba sitaki kwenda Masaka. Mwalimu Ssali alikuna kidevu. Naona alikuwa akikumbuka ile chai.

"Hajji, kwepena si somo," alisema, bila ukali.

Sasa, jambo moja la kujua kuhusu Baba ni kwamba hakuwahi kuamini rangi ya kitambaa kwa kuambiwa. Wauzaji wa jumla wangeapa kwa mama zao, naye angekata kipande kidogo, akakiloweka, akakifikicha kwa sabuni, ndipo aseme kitu. Alinitazama kwa macho yale yale aliyokuwa akiyatumia dukani.

"Haya," akasema. "Tufue tuone."

Nikakimbia kwa jirani kumwita Akinyi. Lakini kwepena inataka watu watatu, na jioni ile mtaa wote ulikuwa umetumwa dukani au uko kwenye masomo. Tulikuwa tumesimama uani na mpira wetu, tumeduwaa, nikiona bahati yangu inaniponyoka, Mama alipotoka. Aliweka kofia aliyokuwa akiidarizi juu ya kiti, akafunga kanga kiunoni kwa fundo la kufa kupona, akanyoosha mkono.

"Lete mpira huo."

"Mama, wewe?" Akinyi aliuliza.

"Kwani nilizaliwa nikiwa mama?"

Nikaingia katikati na chupa yangu. Akinyi akarusha, nikakwepa, Mama akaudaka. Na mpira uliotoka mkononi mwa Mama, wallahi, sikuuona. Nilisikia tu upepo sikioni. Nilimgeukia nikiwa na mshangao, naye hakuwa akitabasamu hata kidogo.

"Saba mara nane?" akauliza, huku mkono wake ukiwa tayari nyuma.

"Hamsini na sita!"

Sijui lilitoka wapi. Shuleni tulihesabu kwa Kiingereza, na hapa jibu lilikuja kwa Kiswahili, kama kwamba lilikuwa likingoja kuitwa kwa lugha ya nyumbani. Mpira ukapita. Nikajaza udongo. "Sita mara tisa?" Hamsini na nne. Nikaruka. "Saba mara saba?" Nikasema arobaini na nane, na mpira ukanipiga mgongoni kwa kishindo.

"Tisa," alisema Mama. "Arobaini na tisa. Rudi katikati."

Akinyi naye akaanza kuuliza, kwa sauti ya walimu wote aliowahi kuwachukia. Swali likatoka mbele, mpira ukatoka nyuma, na mimi mle katikati nikawa siwazi tena kichwa kiko wapi wala kimejaa nini. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka kwa kipindi kirefu, na kicheko kilinitoka pamoja na majibu, mengine sahihi na mengine ya ovyo kabisa. Baba na Mwalimu Ssali walikuwa wamesimama mlangoni na vikombe vyao. Wakati fulani niliona Mwalimu akikwepa pia, bega kwa bega na mlango, ingawa mpira haukumwelekea hata kidogo.

Nilipokaa mezani nilikuwa nanuka jasho na vumbi, na Mama akanilazimisha ninawe kwanza. Mwalimu Ssali akanipa maswali yale yale yaliyonishinda wiki iliyopita. Yalikuwa yamebaki yale yale, lakini niliweza kuyaona. Niliona hiki kinatoka hapa, kile kinaingia kule, kama uonavyo mpira kabla haujarushwa. Nikamkabidhi karatasi. Akaisoma polepole.

"Hii imekataa," alisema, akiweka kidole kwenye swali moja. "Hii nyingine zote zimekubali." Akamgeukia Baba. "Hajji, mimi nimeona. Acheze kwanza, alafu nafundisha. Kazi na dawa."

Baba akaitikia kwa kichwa, lakini hakusema habari ya Masaka. Yeye kipande kimoja cha kitambaa hakikumtosha. Basi tukaendelea hivyo muhula mzima uliobaki, mchezo kwanza, kitabu baadaye. Mwalimu Ssali akaanza kufika mapema, akivua viatu vyake vinavyong'aa na kuviweka mbali na vumbi ili ahesabu chupa. Mama hakukosa siku hata moja. Na hakunionea huruma siku hata moja. Akinyi alinirushia kama rafiki, Mama alinirushia kama mtu mwenye deni na mimi. Mgongo wangu ulikuwa na alama, na mara kadhaa nilitaka kumwambia apunguze, nikaona haya.

Siku ya matokeo Baba alifunga duka kabla ya wakati, akayafuata shuleni mwenyewe. Mama alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati, nami nimesimama karibu naye nikijifanya namsaidia. Baba aliingia, akabaki amesimama, na kwa kuwa hakuketi nilianza kuwa na matumaini.

"Si wa kwanza," alisema. "Wala si wa pili. Lakini hesabu imepanda, na imepanda vizuri." Akaikunja karatasi. "Hakuna safari. Lile sanduku tutatilia nguo za Idi."

Nilitaka kuruka, lakini nilimwona Mama. Aliendelea kukanda kama asiyesikia, mara moja, mara mbili, kisha akaketi chini pale pale sakafuni, mikono yake yote unga, akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Baba alisimama na karatasi yake, hajui aiweke wapi, mwishowe akatoka nje kimya kimya akatuacha.

Nikachuchumaa mbele yake. "Mama, nimepita."

"Nimesikia."

Nikasema lile lililokuwa limenikaa moyoni muda mrefu. "Mama, mbona ulikuwa unanirushia kwa nguvu vile?"

Alinitazama, akajifuta jicho kwa kiwiko kwa sababu ya unga.

"Ulidhani nilikuwa nacheza?"

Kisha akacheka, machozi bado yanamtoka, akanisukuma bega kwa kiwiko kile kile, akaniambia unga unaweza kungoja, niende nikamwite Akinyi. Nikatoka mbio.